Ubao Uliolowa wa Maalim Kahin

Siku yangu ya kwanza katika ile shule ya msingi ya Isiolo, Januari 1983, niliingia darasa la sita nikiwa na chaki tatu mpya, kitabu cha mwongozo wa kufundishia dini, na hasira kidogo. Hiyo hasira msiitafutie sababu. Mimi huamka nayo, hata leo nikiwa nimestaafu, na hupoa nikishapata chai.

Nikaandika neno la kwanza ubaoni, likakataa kutokea. Nikakandamiza chaki, ikakatika vipande viwili. Nilipogusa ubao kwa kiganja nikaukuta umelowa chepechepe kutoka juu hadi chini, kama nguo iliyotoka kufuliwa sasa hivi.

"Nani amelowesha ubao?"

"Maalim!" darasa zima likajibu, kwa furaha ambayo sikuipenda.

Nikatazama mlangoni. Alikuwa amesimama pale mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye ndevu zilizopakwa hina, kofia nyeupe kichwani, koti la suti juu na kikoi chini. Mkononi alishika karai dogo la maji machafu yenye rangi ya chaki, na alilishika kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu aliyebeba uji wa mgonjwa.

"Madam, subiri kidogo tu," akasema. "Upepo ya Isiolo haikawii."

Nikamwambia kwamba mimi nimetoka Karatina kuja kufundisha, sikuja kungojea upepo. Akainamisha kichwa kwa heshima, akaenda zake na karai lake nyuma ya jikoni, huku akitazama anapokanyaga. Kwa kupitia dirishani nilimwona akimwaga yale maji kwenye kiuga kidogo kilichozungushiwa miiba. Katikati ya miiba ulikuwa umesimama mpapai mchanga, wa kijani kibichi. Katika uwanja wote ule wa vumbi hapakuwa na kitu kingine cha kijani.

"Ahaa," nikasema moyoni. "Kumbe bwana huyu ana shamba."

Hivyo ndivyo nilivyokutana na Maalim Kahin Shuriye, ambaye ndiye ninayetaka kueleza habari zake hapa.

Dini ilifundishwa kwa zamu pale, maana darasa lilikuwa moja na ubao ni mmoja. Nusu saa ya kwanza watoto Waislamu walibaki ndani na Maalim, na watoto Wakristo walikuwa nje wakifagia uwanja. Kisha kengele inapigwa, wanabadilishana, naingia mimi. Kwa hiyo kila Jumanne na kila Alhamisi niliurithi ubao uliolowa, na kila mara ilinibidi kuupepea kwa daftari la mahudhurio nusu ya kipindi. Maji yenyewe yalikuwa ya shida. Kila mtoto alikuja shuleni na chupa au kibuyu cha maji ya jikoni, na katika maji hayo ndimo Maalim alimochota.

Wiki ya tatu uvumilivu ukaniishia. Nikaketi nikaandikia ofisi ya elimu barua ya kurasa mbili. Nilianza na maneno "Kwa masikitiko makubwa". Nikaeleza kwamba mwalimu huyu hana cheti, kwamba anakaririsha watoto vitu wasivyovielewa, na kwamba hutumia maji ya wanafunzi kumwagilia mpapai wake binafsi. Nikatia sahihi, nikapeleka posta mwenyewe, nikalala vizuri sana.

Barua haikujibiwa. Mwezi ukapita, muhula ukapita, nami nikasahau kabisa kwamba niliiandika.

Na katika kusahau huko, nikaanza kumzoea Maalim. Wakati wa chai ya saa nne sisi wawili ndio tuliobaki katika chumba cha walimu tukibishana, wenzetu wakisahihisha madaftari. Ubishi wetu ulikuwa mmoja, miaka yote mitano. Mimi chuoni nilifundishwa mbinu mpya: usianze na maandiko, anza na maisha ya mtoto. Mwulize ameona nini, amehisi nini, kisha umpeleke kwenye maandiko, na mwisho arudi nayo nyumbani. Maalim alikuwa na njia ya mjomba wake na ya mjomba wa mjomba wake: mtoto ashike maneno kwanza, yote, hadi yakae. Maana itakuja.

"Itakuja lini?" nikamwuliza.

"Hiyo si kazi yangu. Maisha ndiyo inaleta."

Halafu akanisimulia habari zake. Babu yake alikuwa askari aliyetoka ng'ambo ya bahari akapigana vita vya Wazungu, na vita vilipokwisha akaambiwa akae Isiolo. Baba yake alinunua lori. Kahin mwenyewe aliendesha lori kabla hajaanza kunyoa ndevu, akipeleka sukari na majani ya chai Sericho na kurudi na ngozi. Safari moja lori lilikufa njiani, mbali na kisima chochote. Yeye na utingo wake wakakaa siku nne chini ya lori. Siku ya tatu, midomo imepasuka, akajikuta anasoma sura aliyoishika akiwa na miaka saba, na akaielewa neno kwa neno, kama mtu aliyekuwa ananong'onezwa.

"Miaka ishirini nilikuwa nasoma hiyo sura bure, Madam. Wallahi. Lakini ile siku ilikuwa ndani yangu tayari. Kama mwalimu wangu angesema, 'Ngoja kwanza uelewe,' ile siku ningetoa nini kwa mfuko?"

Alipookolewa aliacha lori, akafungua dugsi, chuo cha Kurani cha watoto, pale Chechelesi, wakiandika kwenye mbao kwa wino wa masizi. Baadaye serikali ikatafuta mtu wa kuwafundisha watoto Waislamu dini yao shuleni, na waliosomea ualimu hawakupatikana, ndipo akaitwa. Alikuja na kofia yake na karai lake.

Nikaiacha hadithi ya lori, nikamtafutia kosa mahali pengine. Siku moja uwanjani nilimsimamisha msichana mmoja wa darasa la sita, Asho, aliyejulikana shule nzima kwa sauti yake, nikamwuliza ile sura anayoisoma vizuri hivyo ina maana gani.

"Maana iko kwa Maalim," akanijibu bila wasiwasi. "Sisi tuko na maneno."

Nilicheka hadi chumba cha walimu. Nikamrudishia Maalim jibu hilo lilivyo, mbele ya mwalimu mkuu, Bwana Jillo. Maalim alikoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

Lakini zamu yake ikaja. Kitabu changu cha mwongozo kilikuwa kimeandikwa na watu wa kwetu, watu wa mvua. Kila somo lilianza na maisha ya mtoto, na mtoto huyo kila siku alikuwa akivuna mahindi, akichuma majani ya chai, au akivuka mto uliofurika. Darasa langu lilinikodolea macho tu. Nikafurahi tulipofika kwenye mfano wa kondoo aliyepotea, nikajiambia, leo tuko nyumbani, hawa ni watoto wa wafugaji. Nikauliza, "Nani amewahi kupoteza kondoo? Alijisikiaje?"

Lobokat, mvulana wa Kiturkana aliyehamia kutoka Kipsing, akasimama. "Madam, huyo mchungaji, wale tisini na tisa aliachia nani?"

"Aliwaacha nyikani, akaenda kumtafuta mmoja."

"Peke yao?"

"Ndiyo. Kwa sababu ya upendo."

"Madam," akasema Lobokat kwa upole, kama anayemwelewesha mgeni, "akirudi hatapata hata mkia. Baba yangu angemchapa huyo mtu." Darasa zima likaunga mkono. Mmoja akasema labda alikuwa na ndugu. Mwingine akasema labda palikuwa na boma la miiba ambalo kitabu kimesahau kulitaja. Kengele ikalia tukiwa bado tunatafuta nani alibaki na kondoo tisini na tisa, na kwenye maandiko kwenyewe hatukufika.

Maalim alikuwa nje ya dirisha akisubiri karai lake likauke. Alisikia yote. Saa nne akanimiminia chai mwenyewe, akanisogezea kikombe, macho yake yakicheka.

"Hiyo mbinu yako ni nzuri sana, Madam Mugure. Unaanza na maisha ya mtoto. Swali ni moja tu. Mtoto wa nani?"

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaketi nikaanza kuyaandika upya masomo yangu yote, nikitumia visima, ngamia, foleni za maji na malori. Na siwezi kudanganya, ndipo nilipoanza kufundisha.

Mwaka wa 1984 mvua zikakosa kabisa. Ndio mwaka wa ugali wa manjano, wa mahindi ya msaada. Aliyekuwa hai wakati huo anajua nasema nini. Mifugo ilikufa kandokando ya barabara, na watoto wakaja shuleni na vibuyu nusu, kisha robo. Mwalimu mkuu Jillo akatangaza kwenye gwaride kwamba kuanzia siku hiyo maji ya shule ni ya kupikia na kunywa tu, si ya kuoshea kitu chochote. Alipokuwa akisema hivyo alimwangalia Maalim, nami nikamwangalia pia. Jumanne iliyofuata niliingia darasani nikitarajia ubao mkavu. Nikaukuta umelowa. Kidogo, lakini umelowa.

Mwezi wa sita Bwana Jillo akatuita ofisini sisi wawili. Mezani palikuwa na barua kutoka ofisi ya elimu, na nyuma yake, imebanwa kwa pini, barua yangu ya mwaka uliopita. Nikaitambua kabla sijakaa.

"Mkaguzi anakuja Alhamisi," akasema Jillo. "Anaitwa Bwana Ephantus Githinji. Maalim, kuna mashtaka hapa. Atakuja kukuangalia ukifundisha kwa mbinu mpya, na mpango wa somo uandikwe. Ukishindwa, wanakuondoa. Mimi sina uwezo, wallahi, iko juu yangu."

Tulitoka nje. Jua lilikuwa kali. Maalim Kahin alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili. Lori lilishauzwa zamani, mifugo michache ya familia ilikuwa imekufa. Na hata ningeyaacha hayo kando, aliyapenda yale madarasa kama mtu anavyopenda watoto wake.

"Maalim," nikasema, "ile barua ni yangu."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jillo alinionyesha mwanzo ya hiyo barua. Hapa Isiolo, ni mtu mmoja peke yake anaandika 'Kwa masikitiko makubwa'." Akaweka kofia yake vizuri. "Uliandika kitu uliona, walaal. Sasa nifundishe hiyo mbinu yako."

Walaal, kwao Wasomali, ni ndugu. Nililia pale pale uwanjani, mbele ya darasa la kwanza, nami si mtu wa kulia.

Siku mbili tulifanya mazoezi baada ya masomo, yeye mwalimu, mimi mwanafunzi. Somo letu lilikuwa shukrani. Jamani, niliteseka. Maalim hakuweza kuuliza swali ambalo yeye mwenyewe hakujua jibu lake. Aliona ni aibu, kama kumwomba mtoto mkopo.

"Nani amewahi kupewa kitu akafurahi?" akauliza, akisoma karatasi.

Nikainua mkono. "Mimi, Maalim! Shangazi yangu alinipa..."

"Vizuri. Kaa chini."

"Maalim, inabidi unisikilize nimalize!"

"Shangazi amekupa kitu, umefurahi, nimeelewa. Sasa tusome aya."

Tukarudia mara kumi. Mara ya kumi na moja alinisikiliza hadi mwisho, akiwa ameuma meno. Tulipokuwa tunafunga mlango nikamwambia, "Na ule mpapai, mkaguzi akiuliza?" Akasema, "Mpapai si yangu." Niliona anakwepa, nikamwacha.

Alhamisi Bwana Githinji akafika. Alikuwa mfupi, nadhifu, kaunda suti imepigwa pasi hadi mifukoni, faili kwapani. Akaketi nyuma ya darasa, na akaagiza mimi niketi kando yake kwa kuwa ni mwalimu wa dini mwenzake. Watoto Wakristo, badala ya kufagia, walijazana kwenye madirisha, na hakuna aliyewafukuza.

Maalim akasimama mbele akiwa na karatasi yetu mkononi.

"Nani amewahi kupewa kitu akafurahi?"

Watoto wakatazamana. Miaka yote Maalim akisimama hivyo na kuwaangalia, walijua kinachotakiwa. Wakavuta pumzi wote kwa pamoja, wakaanza kusoma sura ya kwanza kwa sauti moja, nzuri mno, hadi mwisho. Bwana Githinji akaandika kitu.

"Ngojeni," akasema Maalim. "Nauliza maisha yenu. Nani amepata zawadi?"

Asho akainua mkono, nikashukuru Mungu. "Maalim, unataka tuanzie aya ya ngapi?"

Bwana Githinji akaandika tena, mstari mrefu. Nilitamani kuchukua ile faili niitupe nje ya dirisha.

Maalim akaitazama karatasi. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Akageuka, akaandika aya moja fupi ubaoni kwa hati yake ile ya kupendeza, akaifundisha kwa njia ya mjomba wake. Watoto wakafunguka, wakasoma, wakasahihishana. Dakika kumi na tano za mwisho zilikuwa nzuri kweli, ila hazikuwa mbinu mpya hata chembe.

Kengele ikalia. Na yeye, kwa mazoea tu, akatoa chupa ya sharubati mfukoni mwa koti, akamimina maji kidogo kwenye karai, yasiyofika hata kikombe, akalowesha kitambaa, akaanza kuufuta ubao.

Bwana Githinji akainuka. "Simama hapo hapo, Mwalimu." Akatoa barua yangu, akasoma kwa sauti, mbele ya darasa na madirisha yote: "'Kwa masikitiko makubwa. Mwalimu huyu hutumia maji ya wanafunzi kumwagilia mpapai wake binafsi.' Na hapa naona kwa macho yangu, mwaka huu wa njaa. Una jibu?"

Maalim akaweka kitambaa kwenye karai. Akanitazama mimi, kule nyuma. Kisha akawageukia watoto.

"Haya. Nani anaweza kuambia mgeni, hii maji inatoka wapi, na inaenda wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza la kweli. Hakuwa na uhakika watoto watajibu nini. Nilimwona usoni kwamba hana. Akangoja.

Asho akasimama. "Inatoka kwa nyumba ya Maalim. Mama Fosia, bibi yake, anampimia hiyo chupa asubuhi, ndiyo ya kunywa mpaka jioni. Nusu anakunywa, nusu anaosha ubao. Tangu mwalimu mkuu akataze maji ya shule."

"Na kwa nini asifute kwa dasta kama walimu wengine?" akauliza Bwana Githinji.

Mikono mingi sasa ikainuka. Mvulana wa mbele akachaguliwa. "Kwa sababu hapo iko jina ya Mungu. Ukipangusa na dasta, vumbi ya chaki inaanguka chini, na sisi tunakanyaga. Kwa dugsi pia tunaosha mbao hivyo. Hiyo maji haimwagwi mahali watu wanapita."

"Ndio akaweka miiba," akaongeza mwingine, "ndiyo hata mbuzi isikanyage."

"Na mpapai je?"

"Hakuna mtu alipanda. Ilimea yenyewe."

"Na mapapai yake anakula nani?"

"Mimi!" ikatoka sauti dirishani. Ilikuwa ya Lobokat. "La kwanza Maalim alinipa mimi, kwa sababu nilikuwa nimekuja bila kula!" Madirisha yote yakacheka, na mwingine akapiga kelele kwamba la pili alikula yeye.

Bwana Githinji alikuwa ameketi tena bila kujua. "Na siku ambayo maji hakuna kabisa," akauliza polepole, "mnafanyaje?"

"Maalim anaandika kidogo," akasema Asho.

Hapo nikakumbuka. Tangu mvua zikose, maandishi yake ubaoni yalikuwa yamepungua, mistari mitano ikawa mitatu, mitatu ikawa mmoja. Nilidhani ni uvivu wa uzee.

"Nani aliwafundisha yote haya?"

Asho akafikiri. "Hakuna. Tunamwona tu."

Mkaguzi akaikunja barua. Akanigeukia, na kwa sauti ya chini, lakini si ya chini ya kutosha, akaniuliza, "Sahihi hii ni yako, Mwalimu Mugure?"

"Ni yangu, Bwana."

"Na wewe ndiye mwenye mbinu ya kuanza na kuuliza. Ulimwuliza?"

Mwaka na nusu. Nilikuwa nimewauliza watoto mia moja wameona nini na wamehisi nini, na mtu niliyekunywa naye chai kila siku sikuwahi kumwuliza kwa nini analowesha ubao. Nikasema, "La." Sijawahi kutamka neno fupi lililonichoma kama lile.

Ripoti nilikuja kuisoma baadaye, Bwana Jillo aliponiachia makusudi mezani. Iliandikwa hivi: mpango wa somo haukufuatwa; lengo la somo limefikiwa. Mwalimu aendelee na kazi, na ahudhurie mafunzo ya likizo katika chuo cha ualimu Meru hadi apate cheti. Jillo naye akabadilisha ratiba, Wakristo wakatangulia na Waislamu wakafuata, ili ubao ukauke wakati wa mapumziko. Jambo la dakika mbili ambalo kama tungelifanya tangu mwanzo, ningeokoa stempu.

Maalim akaenda Meru likizo tatu, mzee kati ya vijana, akarudi na cheti na msamiati. Hapo ndipo nilipojuta kweli. Kila nikifungua mdomo saa nne, ananiuliza kama hiyo ni njia ya kuanzia kwa mtoto au ya kuanzia kwa maandiko. Darasani alianza kuuliza maswali, kwa uchoyo, moja au mawili kwa somo, lakini aliyangojea majibu hadi mwisho. Nami, nikiri tu, nikaanza kuwapa watoto wangu aya za kushika kichwani hata kabla hawajazielewa, nikifikiria lori la Sericho.

Mwaka wa 1986 tulipelekwa semina. Mhadhiri kutoka Nairobi akatueleza kwamba mbinu zetu zote mbili zimepitwa na wakati. Mwalimu wa dini, akasema, asimame nje ya dini zote, aeleze tu anachoona, kama mtu wa jiografia anayeeleza mlima. Maalim akainua mkono.

"Bwana, mtoto akiniuliza, 'Maalim, wewe unaamini nini?', nitamwambia nimesahau nyumbani?"

Ukumbi ukacheka, na mhadhiri, alikuwa mtu mzuri, akacheka pia. Njiani tukirudi tulimtetea yule mhadhiri kwa zamu, kwa sababu ya kupenda ubishi tu.

Mwisho wa muhula wa pili wa 1988 nikapata uhamisho kurudi kwetu. Alhamisi yangu ya mwisho niliandika ubaoni mstari mmoja wa maandiko, kwa herufi kubwa, nikaufundisha. Tulianza na visima vyao, tukaenda kwenye maandiko, tukarudi. Zikabaki dakika tano. Nikachukua dasta kufuta.

Mkono ukakataa. Nilisimama pale na dasta yangu, nikitazama sakafu, na viatu vyote vile vya watoto, na vingine havikuwa viatu, ni miguu mitupu yenye vumbi. Mpapai wa pili ulikuwa umeshazaa nyuma ya jikoni, mvua zilikuwa zimerudi, maji yalikuwepo.

"Nileteeni karai," nikawaambia.

Nikauosha ubao kutoka juu hadi chini, nikabeba karai kwa mikono miwili, nikatazama ninapokanyaga, nikayamwaga maji kwenye miiba. Niliporudi kengele ilikuwa imelia. Maalim Kahin alikuwa amesimama mbele ya darasa lake, kofia nyeupe, ndevu za hina, chaki iliyokatika vipande viwili mkononi. Alikuwa akiugusa ubao kwa kiganja.

"Nani amelowesha hii ubao?"

"Madam!" darasa zima likajibu.

Akageuka akaniona mlangoni na karai langu. Nilijaribu kuzuia machozi, nikashindwa, kwa hiyo nikacheka.

"Maalim, subiri kidogo tu," nikamwambia. "Upepo wa Isiolo haukawii."

Akavuta kiti, akaketi, akaweka chaki magotini, akangoja.